Mgeni hali: tensi za Kiingereza kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili

Mpagazi wa Kilimanjaro anatoka kwenye hema la kulia chakula, sahani mkononi, anamwambia mwenzake: "Mgeni hali." Kwa Kiswahili maneno hayo mawili yanatosha. Wote wawili wapo pale, wanajua ni jioni ya siku ya tatu, wanaona supu imerudi kama ilivyokwenda. Taabu inaanza anapotakiwa kuyasema hayo kwa Kiingereza, tuseme kwa mgeni mwingine ambaye ni daktari. Hapo lazima achague. "She isn't eating" ni habari ya sasa hivi, na ukiwa juu ya mita 3,500 ni habari ya kushtua, maana kukosa hamu ya kula ni moja ya dalili za ugonjwa wa mwinuko. "She doesn't eat" ni tabia ya mtu, na anayeisikia atangoja umalizie: hali nini, nyama au samaki? Kiswahili kimeziweka zote mbili ndani ya "hali". Kiingereza kimezitenga, na msemaji hana nafasi ya kukaa katikati.

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Moshi. Wanafunzi wangu ni watu wazima, na wengi wao ni wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mjini kwetu tunawaita wagumu. Darasa hujaa wakati wa masika, Aprili na Mei, njia za mlimani zinapojaa matope na safari zinapopungua. Karibu wote wanataka kitu kimoja: kutoka kwenye kubeba mizigo waende kwenye kuongoza wageni, na anayeongoza wageni huongea nao kutwa. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Walioendelea waliingia kidato cha kwanza wakakuta fizikia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza kwa siku moja, na huko ndiko walikokutana na lile jedwali la tensi 12 lililochorwa ubaoni kwa rula, kila chumba na jina lake. Majina wanayakumbuka hadi leo. Mtu atakutajia Simple Present, Present Continuous na Present Perfect bila kukwama. Kinachomshinda ni kuchagua moja wakati mgeni amesimama mbele yake anasubiri jibu.

Msimamo wangu, ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi, ni kwamba tensi za Kiingereza zifundishwe kwa kuanzia kwenye Kiswahili. Wengi wetu tulisoma shule ambazo mlango wa ofisi ulibandikwa "No English, No Service", tukaaminishwa kwamba Kiswahili ndicho kinachotuharibia Kiingereza. Mimi naona kinyume chake. Mtu mzima anayesema Kiswahili ameshazitenganisha nyakati kinywani mwake tangu utotoni, kwa hu-, -na-, -me-, -ki- na -ta-. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha ni wapi mipaka ya Kiingereza inapita palepale na ni wapi inapita kando.

Chukua kosa linalosikika kuliko yote: "I am go." Hukemewa kila siku bila mtu kuuliza limetoka wapi. Limetoka kwenye "ninaenda", na aliyelisema amefanya hesabu kwa uangalifu: ni- ameipa "I", -na- ameipa "am", enda ameipa "go". Mantiki anayo. Kilichobaki ni kumwambia kwamba Kiingereza hukigawa kile kiambishi vipande viwili, kimoja kikae mbele ya kitenzi na kingine nyuma yake: "am" mbele, "-ing" mwishoni. "I am going." Kipande kimoja kikikosekana sentensi imevunjika, iwe "I am go" au "I going".

Hapo bado nusu ya kazi, kwa sababu -na- yetu hubeba mambo mawili. Ukiniuliza Juma anafanya kazi gani, nitajibu: anabeba mizigo. Nitajibu hivyo hata kama saa hii Juma yuko kwao Marangu, amelala. Ukiniuliza Juma yuko wapi mbona hapokei simu, nitajibu kwa maneno yaleyale: anabeba mizigo. Jibu la kwanza ni "Juma carries bags." La pili ni "Juma is carrying bags." Kipimo ninachowapa wanafunzi ni kuweka "huwa" mbele ya kitenzi. Kama sentensi bado inasema ulichokusudia, tumia kitenzi kitupu: huwa nakunywa chai asubuhi, "I drink tea in the morning". Kama "huwa" inaiharibu na kinachokaa vizuri ni "sasa hivi", leta am, is au are pamoja na -ing: sasa hivi nakunywa chai, "I am drinking tea".

Kwenye maswali kipimo hiki kinalipa zaidi. "Do you eat meat?" ni swali la hotelini kabla ya safari, mpishi anapotaka kujua anunue nini sokoni. "Are you eating well?" ni swali la Horombo, kituo cha njiani mlimani, siku ya pili au ya tatu, unapomwangalia mtu usoni. Aliyeuliza la kwanza mahali pa la pili ataambiwa "Yes, I do", naye ataondoka akidhani mgeni yuko salama.

Kipimo cha "huwa" na "sasa hivi" kina sehemu kinapodanganya, na ni bora mwanafunzi aijue mapema. "Sasa hivi nataka maji" ni Kiswahili safi, lakini "I am wanting water" hakisemwi. Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda, kuhitaji, kuelewa na kuamini havitaki -ing, kwa kuwa havina tendo unaloweza kuliona likiendelea. Mtu anayeijua njia anaijua hata akiwa usingizini. Basi ni "I know the way", "I want water", "I need a rest". Wa kuchungwa zaidi ni "have". Sisi tunasema kichwa kinaniuma, na mwanafunzi akifuata neno kwa neno anapata "the head is paining me". Mgeni ataelewa, ila kinachosemwa ni "I have a headache", na swali ambalo kiongozi anapaswa kulizoea mpaka limtoke bila kufikiri ni "Do you have a headache?", kwa sababu kichwa ndicho hutangulia kuuma mwinuko unapomzidi mtu.

Kuhusu ile s ya nafsi ya tatu nitasema kidogo tu. "He walks", "she walks", "it rains". Wengine wote hawana s. Watu huchanganyikiwa kwa sababu walishafundishwa kwamba s ni ya wingi, "bag" na "bags", basi wanaandika "they walks" maana hao ni wengi. Kwenye nomino s ni ya wingi, kwenye kitenzi ni ya mmoja. Unapokanusha au kuuliza, s huhamia kwenye "does" na kitenzi hubaki kitupu: "He doesn't walk", "Does he walk?" Kiswahili nacho hukibadilisha kitenzi kinapokanusha: anatembea, hatembei. Hapo -na- imetoweka na a ya mwisho imegeuka i. Aliyelelewa na lugha inayofanya mambo kama hayo hawezi kushindwa na "does". Isitoshe, mgeni akisikia "he walk slowly" anaelewa, kwa hiyo sisimamishi mazungumzo ya watu kwa ajili ya s. Nasimamisha pale maana inapopotea.

Na maana hupotea sana kwenye -me-. Tumezoea kufundishwa kwamba -me- ni Present Perfect, yaani "have" au "has" na umbo la tatu la kitenzi, na mara nyingi ni kweli. Amekunywa maji, "he has drunk some water". Tumefika, "we have arrived". Lakini sikiliza hizi: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka. Hakuna hata moja inayosimulia jambo lililokwisha. Ukiniambia mgeni amelala, unanitaka nipunguze sauti, kwa sababu usingizi unaendelea. Kwa Kiingereza ni "The guest is sleeping" au "is asleep". Ukisema "The guest has slept", mwenye lugha atafahamu kwamba ameshaamka, na pengine ataingia hemani kuzungumza naye. Amekaa juu ya jiwe ni "He is sitting on a rock". Amechoka ni "He is tired". Ukungu ukishuka na mgeni mmoja haonekani, utaulizwa amevaaje, na jibu ni "She is wearing a red jacket". "She has worn a red jacket" haimsaidii anayemtafuta.

Kipimo hapa ni kujiuliza kama hali bado ipo. Amesimama: je, bado kasimama? Ndiyo, basi "is standing". Amekunywa maji: je, bado anakunywa? Hapana, basi "has drunk". Jioni tuliyolifanya hili, mzee mmoja aliyeanza kubeba mizigo tangu ujana wake alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo Kiingereza kinataka kujua jambo limekwisha au bado lipo?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee wangu, ndicho kinachotaka hapo." Akageuka akawaeleza vijana wa nyuma kwa Kichaga cha Marangu, kwa mifano yake mwenyewe, na nikamwachia darasa mpaka akamaliza. Waliandika sentensi sahihi baada ya maelezo yake kuliko baada ya yangu.

Ndugu yake -me- ni "tangu". "Ninafanya kazi mlimani tangu 2015" ina -na-, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "I work on the mountain since 2015", au "I am working". Kiingereza kikikuta jambo lililoanza nyuma na bado linaendelea, hudai "have": "I have worked on the mountain since 2015." "Since" hufuatwa na mwanzo, "for" hufuatwa na urefu wa muda, kama "for ten years". Swali la "How long have you worked here?" huulizwa na karibu kila mgeni kabla msitu haujaisha. Jibu lake liwe tayari.

Wakati ujao naufundisha kwa maelezo ya jioni, yale ambayo kiongozi huwapa wageni baada ya chakula kuhusu safari ya kesho. Wenyewe wanayaita brifingi. Tunatumia njia ya Marangu kwa kuwa vituo vyake wote wanavijua: kibanda cha Mandara karibu mita 2,700, Horombo karibu 3,700, Kibo karibu 4,700, halafu usiku wa kileleni kupitia Gilman's Point hadi Uhuru, mita 5,895. Brifingi nzima ni wakati uliopo na ujao. Ukiweza hizi mbili unaweza kusimama mbele ya wageni, hata kama wakati uliopita bado unakutoa jasho.

Ratiba haihitaji "will". "Tomorrow we wake up at six. We leave at half past seven." Kiswahili nacho husema hivyohivyo: kesho tunaamka saa kumi na mbili, basi la Dar linaondoka saa moja. Kwa hiyo hili mwanafunzi analo tayari, tena humshangaza kwamba ni sahihi, maana ameaminishwa kwamba kesho lazima iwe na "will". Mipango ya mtu nayo hukaa kwenye -ing: kesho naenda Arusha, "I'm going to Arusha tomorrow". Naongeza hapa jambo lisilo la tensi lakini linaloharibu brifingi nyingi. Kutoka Kibo watu huanza kupanda kwenye saa sita usiku, na kiongozi akisema "we start at six" wageni watalala mpaka asubuhi. Ni "at midnight".

"Going to" ina njia yake nzuri ya kuingilia. Mawingu yamefunga kilele cha Mawenzi, upepo umegeuka, na mtu yeyote wa Kilimanjaro atasema: mvua inataka kunyesha. Mvua haina nia, ila dalili zimejitokeza na tunaipa "inataka". Kiingereza hapo husema "It's going to rain." Mzigo unataka kuanguka, "the bag is going to fall". Anataka kutapika, kwa maana ya kwamba unaziona dalili, "he's going to be sick". Popote Kiswahili chako kingesema "inataka" kwa jambo lililokwisha kujionyesha, weka "going to" na hutakosea. Hutumika pia kwa ulichokusudia tangu kabla: "We're going to walk slowly."

"Will" ibaki kwa ahadi, kwa utabiri na kwa uamuzi unaofanyika wakati unaongea. Mgeni anahangaika na begi lake, unamwambia nitakubebea: "I'll carry it for you." Wengi husema "I carry for you", na mgeni anabaki hajui kama hiyo ni ahadi, desturi au bei. Utabiri ni kama "You'll see the sun from Gilman's Point". Kwa anayeanza, hivyo vinatosha. Zile "will be walking", "will have walked" na "will have been walking" za kwenye jedwali waziache kwa sasa. Sijasikia kiongozi akizihitaji kwenye brifingi, na muda unaotumika kuzikariri unaibwa kutoka kwenye "Do you have a headache?"

Jambo moja la wakati ujao linastahili jioni nzima. "Tutakapofika Horombo, tutakunywa chai." Kiswahili hapa kinaweka -ta- mara mbili, na mwanafunzi mwaminifu anaandika "When we will reach Horombo, we will drink tea". Ukimwambia tu kwamba ni kosa atasahau kufika Ijumaa. Mwambie aiseme ile sentensi kwa -ki-: tukifika Horombo, tutakunywa chai. Maana ni ileile, na upande wa kwanza hauna -ta- hata kidogo. Kiingereza nacho hakitaki "will" upande huo: "When we reach Horombo, we'll drink tea." Ukijisikia vibaya, niambie: "If you feel sick, tell me." Tukishuka, utapata nafuu: "If we go down, you'll feel better." Palipo na -ki-, "will" haiingii. Katika yote ninayofundisha, sijaona kanuni inayoshika haraka kuliko hii, na imetoka mzima ndani ya Kiswahili. "Mpaka" nayo hufuata mkondo huo: usiondoke mpaka nikuambie, "Don't leave until I tell you".

"Kabla" ndiyo inayotaka uangalifu. Sisi tunasema kunywa maji kabla hujalala, kwa kukanusha, na mwanafunzi anatoa "before you have not slept". Kiingereza hakikanushi hapo. Namwambia aigeuze iwe "kabla ya kulala" kwanza, ndipo aandike "Drink some water before you sleep."

Limebaki la masikio. Kwenye daftari "will" ni neno zima, kinywani mwa mgeni ni l ndogo tu: "we'll", "you'll". Anayeikosa bado anaelewa mengi. Asipoisikia vizuri kwenye kukanusha, mambo ni mengine, kwa kuwa "will not" inakuwa "won't", na sisi wengi "won't" na "want" tunazisikia na kuzitamka karibu sawa. "I won't go up": sitapanda. "I want to go up": nataka kupanda. Fikiria maneno hayo yakisemwa alfajiri kwenye kokoto chini ya Gilman's Point, upepo unavuma, mgeni amefunika mdomo kwa skafu. Msaada wa kwanza ni kusikiliza "to", kwa sababu "want" hufuatwa nayo na "won't" haifuatwi. Msaada wa pili ni kuuliza tena kwa swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "yes" wala "no": "Do you want to go up or down?" Usipige hatua mpaka usikie "up" au "down". Darasani tunalifanyia mazoezi wawili wawili, taa zimezimwa na mitandio midomoni, feni kubwa ikiunguruma karibu yao. Mmoja huwa mgeni, mwenzake kiongozi, halafu wanabadilishana.